Kabla Ukubali Kisu, Uliza Karatasi ya Maabara

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kansa za kina mama, zile za sehemu za uzazi, na zimetoka kila mahali kuanzia Mumias mpaka Nakuru. Mimi ni nesi si daktari, nimefanya wodi ya kina mama na kliniki ya kansa huku magharibi miaka mingi, kwa hivyo najibu vile najua na vile naona, lakini hakuna mtu hutibiwa na gazeti, ukimaliza kusoma enda upimwe. Majina nimetoa, na vitu vingine vya kufanya mtu ajulikane nimebadilisha.

Habari sista. Nina miaka 41 na watoto watano. Tangu mwezi wa tatu nikikutana na mzee natokwa na damu, na siku zingine ni maji tu yenye harufu. Kuna kliniki ya mtu hapa sokoni, waliniangalia wakasema kizazi kimeoza kitolewe, shilingi elfu arobaini na tano na naweza lipa pole pole. Shemeji yangu anasema nikubali haraka kabla haijaenea. Nifanye aje? – Mama Watano, Mumias

Mama Watano, hiyo pesa usitoe bado. Shemeji yako ako na haraka na hiyo ni sawa, lakini haraka inayotakikana hapa ni ya kupimwa, ya kukatwa itakuja baadaye kama itakuja. "Kizazi kimeoza" si ugonjwa, hakuna maabara itakuandikia hivyo. Damu baada ya kukutana na mzee inaweza kuwa infekshoni, inaweza kuwa kinyama kimeota tu bila ubaya wowote, na inaweza kuwa kansa ya mlango wa kizazi, na kwa umri wako na hiyo harufu siwezi kukuambia utulie. Hii kansa hapa Kenya inapata zaidi ya wanawake 5,000 kwa mwaka na inaua zaidi ya 3,000, kati ya kansa zote ndio inaongoza kwa kuua wanawake wetu, na wengi wa hao walitoka damu kama wewe wakaambiwa ni mpango wa uzazi unawasumbua.

Enda hospitali ya serikali iliyo na daktari wa kina mama, kwenu huko kubwa ni Kakamega, usema hivyo ulivyoniandikia bila kuona haya. Utawekewa spekula, kifaa cha kufungua njia, ndio mlango wa kizazi uonekane vizuri, na daktari akiona kitu cha kutiliwa shaka anakata kipande kidogo sana, hiyo ndio bayopsi, kinapelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini. Inauma kiasi, unatoka damu kidogo siku chache, imeisha. Na hapana, kukata hicho kinyama hakuamshi kansa wala hakuisambazi, huo uvumi umezika watu wengi kuliko hiyo bayopsi yenyewe.

Sasa kwa nini nakataa operesheni ya sokoni. Karatasi ikirudi iseme ni kansa, daktari lazima ajue imefika wapi, hiyo ndio stej, kuanzia ya kwanza mpaka ya nne. Anakupima kwa vidole mbele na nyuma, unapigwa skani, damu inaangaliwa, figo zinaangaliwa. Kama bado ni dalili tu za mwanzo ambazo hazijakuwa kansa, inaweza kutolewa au kuchomwa kidogo tu na kizazi kibaki. Kama ni kansa changa ambayo haijatoka kwa mlango wa kizazi, operesheni inafanyika, lakini mara nyingi si ile ya kawaida ya kutoa kizazi, ni kubwa zaidi, wanatoa kizazi pamoja na nyama za kando na sehemu ya juu ya uke na tezi za ndani ya nyonga, na hiyo inataka mkono wa mtu aliyesomea hasa hiyo. Na kama imeshatoka nje ya mlango wa kizazi kuelekea kando, hapo kisu si dawa kabisa, dawa ni mionzi pamoja na kimo, yaani kemotherapi, dawa za kuua kansa.

Ukitolewa kizazi kikawaida na ndani kuna kansa ambayo hakuna mtu alijua, daktari anakata katikati ya ugonjwa. Kinachobaki kinabaki ndani, tumbo limeshakuwa na makovu, na hata mionzi ya ndani ambayo ingewekwa kupitia kwa kizazi inakuwa ngumu kuweka kwa sababu kizazi chenyewe hakiko. Nimepokea kina mama namna hiyo, amekatwa mahali, ameshonwa, amelipa mpaka shilingi ya mwisho, baada ya miezi michache damu imerudi, na ukiuliza kile kizazi kilichotolewa kilipelekwa maabara gani, hakuna anayejua, kilitupwa. Hiyo huniuma sana. Kwa hivyo mtu akikuambia anataka kukutoa kizazi muulize mambo mawili tu, bayopsi ilisema nini, na hicho kitakachotolewa kitaenda maabara gani. Akikasirika, wewe chukua kiatu chako uende.

Sista tunazungushwa. Mama yetu amepatikana na kansa ya mlango wa kizazi, tunaenda Russia hapa Kisumu, leo tunaona daktari huyu, kesho yule, mwingine anasema hatakata, mwingine anatutuma Eldoret. Kwani hakuna daktari mmoja wa kansa? – Binti wa kwanza, Kondele

Dadangu pole, najua hiyo kuzunguka inachosha, nauli yenyewe tu ni ugonjwa mwingine. Lakini si kila kuzungushwa ni kuzungushwa. (Kwa wasomaji wa mbali, Russia ni ile hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, tumeiita hivyo tangu ijengwe kwa msaada wa Warusi.)

Kansa hizi hazina daktari mmoja, zina watu kadhaa na kila mmoja ako na kipande chake. Wa kwanza mliyemuona pengine ni daktari wa kina mama wa kawaida, yule wa gaini, ndiye anazalisha, anatoa faibroidi (uvimbe wa kizazi usio kansa), na ndiye huwa anagundua. Juu yake kuna daktari wa kina mama ambaye baada ya kumaliza hiyo yote alirudi tena shule miaka mingine kusomea kansa za uzazi peke yake, huyo ndiye anaitwa gainakolojisti onkolojisti, na ndiye namtaka mimi akate mtu yeyote mwenye kansa ya mlango wa kizazi, ya kizazi ama ya ovari. Zamani ukimtaka huyo ilikuwa karibu uende ng'ambo. Siku hizi wanasomeshwa hapa hapa, pale Eldoret Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Toronto cha Kanada walianzisha mafunzo yao katika MTRH, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Moi, na wengine waliohitimu wanafanya kazi kwa hospitali zetu, ingawa bado ni wachache sana ukilinganisha na wagonjwa.

Halafu kuna onkolojisti wa mionzi na kimo, huyo hashiki kisu, yeye ndiye anapanga mama achomwe wapi na kwa kiasi gani. Kuna pathologisti, daktari ambaye mgonjwa hamwoni hata siku moja lakini karatasi yake ndio inaamua kila kitu. Kuna radiolojisti anayesoma skani. Na kuna watu wa hospisi, ambao watu wanaogopa kwa sababu wanadhani ukipelekwa hospisi umeshahukumiwa, na si hivyo, wale ni mabingwa wa maumivu, wana morfini ya kunywa na wanajua kuitumia, mama anaweza kuwa bado anatibiwa na bado anawaona. Kisumu kuna hospisi, Nakuru iko, Eldoret iko.

Daktari aliyesema hatakata, mimi nikisoma barua yako naona amefanya kazi yake, ina maana kansa ya mama imeshapita pale kisu kinasaidia. Kutumwa Eldoret pengine ni kwa sababu ya mionzi, iko pale MTRH, na upande wa Nakuru pia iko. Matibabu yenyewe mjiandae, mionzi ya nje huwa siku tano kwa wiki kwa karibu wiki tano, mara moja kwa wiki anawekewa dawa ya kimo inaitwa sisiplatini kuifanya mionzi ishike vizuri, halafu mwisho mionzi ya ndani. Yote inatakiwa iishe ndani ya kama wiki nane, ikivutwa vutwa nguvu yake inapungua, kwa hivyo tafuteni mahali pa kulala huko mapema, kwa mtu wa ukoo ama wa kanisa, kuliko kwenda na kurudi Kisumu mpaka mama aamue ameacha. Hiyo kuacha katikati ndio naogopa zaidi ya kansa yenyewe. Sisiplatini pia inasumbua figo, ndio maana wanampima damu kila wakati, msione kama wanataka kumaliza damu yake.

Na mtu mmoja kati yenu, mmoja tu, abebe faili yote. Karatasi ya bayopsi, skani, barua ya rufaa, kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Pigeni picha kila karatasi kwa simu. Nimeona operesheni ikiahirishwa kwa sababu karatasi moja imebaki kwa mfuko wa kaka ambaye amerudi Nairobi.

Hi sista, mamangu ana 62, ana sukari na presha na ni mnene. Alifunga damu akiwa 50. Sasa miezi mitatu anaona damu kidogo kidogo, yeye anacheka anasema amerudi usichana. Jirani anasema ni joto la mwili. – Msomaji, Bahati, Nakuru

Mwache acheke lakini mpeleke. Mwanamke akishamaliza mwaka mzima bila hedhi, damu yoyote baada ya hapo, hata tone, hata ya rangi ya chai kwa nguo ya ndani, inatakiwa kuangaliwa. Si lazima iwe kansa, kati ya kina mama kumi wanaokuja hivyo karibu tisa watapatikana na kitu kingine, ngozi imekuwa nyepesi kwa uzee, kinyama kimeota, dawa fulani. Lakini huyo mmoja ndiye tunamtafuta, na mama yako ana vitu vyote vya kunifanya nimuangalie mara mbili, umri, unene, sukari. Mafuta ya mwili yenyewe hutengeneza homoni ya estrojeni, na hiyo kwa mwanamke aliyefunga damu inaendelea kuchokoza ngozi ya ndani ya kizazi bila kitu cha kuituliza, mwisho inaweza kugeuka. Hiyo ni kansa ya kizazi chenyewe, si ile ya mlango, na hailetwi na HPV, vile virusi vya kuambukizwa kwa kukutana kimwili vinavyoleta ile ya mlango, wala na tabia ya mtu, nasema hivi kwa sababu kuna watoto wanaona haya kumpeleka mama yao wakidhani wataambiwa maneno.

Atapigwa skani ya kuingizwa kwa njia waone unene wa ngozi ya ndani, na atachukuliwa kinyama kwa mrija mwembamba, mara nyingi hata halazwi. Kama skani imesema ngozi ni nyembamba na damu bado inakuja, usikubali kurudishwa nyumbani na hiyo skani peke yake, omba kinyama kichukuliwe. Na waangalie mlango wa kizazi pia, umri wa 62 haumzuii mtu kupata ile nyingine.

Habari nzuri ni kwamba hii kansa huwa inajitangaza mapema kwa hiyo damu, na nyingi zikipatikana hivyo bado ziko ndani ya kizazi, hapo operesheni ndio tiba kuu, kizazi na mirija na ovari zinatolewa. Wewe uko Nakuru, usihangaike kwenda mbali, PGH ambayo siku hizi ni hospitali ya rufaa ya kaunti iko na kituo cha kansa cha kanda. Sukari na presha zake zipangwe kabla ya siku ya operesheni, zikiwa juu daktari wa usingizi atasukuma tarehe mbele.

Sista, mke wangu ana miaka 44. Tumbo limevimba kama mja mzito, akila vijiko viwili ameshiba, anaenda choo kidogo kila saa. Tumetibu taifodi mara tatu, tumetibu ulsa. Wazee nyumbani wanasema ni chira, laana ya kuvunja mila, kwa sababu kuna mambo hatukufanya tulipojenga. Juzi kliniki moja ilisema itatoboa itoe maji. – Baba Otis, Nyalenda

Baba Otis, mambo ya chira mtaongea na wazee, siwezi kuingilia boma ya mtu, lakini hiyo mazungumzo inaweza kungoja na tumbo haliwezi. Kuvimba, kushiba haraka, maumivu ya chini ya tumbo na kukojoa kila saa, vikikuja pamoja na visiishe kwa wiki mbili tatu, kwa mwanamke wa umri huo mimi nafikiria ovari kwanza. Na taifodi ya mara tatu ndani ya miezi michache, eh, hiyo taifodi ya huku kwetu inabebeshwa mizigo mingi.

Apigwe skani ya tumbo na nyonga, na apimwe damu ya kitu kinaitwa CA-125. Hapa uwe makini. CA-125 ikiwa juu si hukumu, inapanda kwa vitu vingi, na kwa nchi yetu kuna kimoja ambacho kimedanganya hata madaktari wazuri, TB ya tumbo. TB ya tumbo inaleta maji, inakondesha mtu, inapandisha CA-125, unaona kila kitu kama kansa ya ovari, kumbe mtu angepona na dawa za TB za bure. Ndio maana lazima kinyama ama maji yapimwe maabara kabla mtu kuitwa mgonjwa wa kansa.

Kuhusu kutoboa. Kama tumbo limejaa mpaka hapumui, maji yanaweza kutolewa hospitalini na yapelekwe maabara, hiyo ni sawa. Lakini kama skani imeonyesha uvimbe wenye maji ndani ya ovari, usikubali mtu auchome sindano kuunyonya, kama ni kansa changa iliyofungika ndani ya ganda lake, kuipasua kunaweza kuimwaga kwa tumbo lote, na mtu aliyekuwa stej ya chini anapandishwa stej na sindano. Huyo anatakiwa aingie kwa mikono ya daktari wa kansa za kina mama mara ya kwanza, si mara ya pili. Kazi yake kwa ovari ni kutoa kila kinachoonekana, kizazi, ovari, ile mafuta inayofunika matumbo, kila kitu kinachoshukiwa, kwa sababu kadri kinachobaki ni kidogo ndio kimo inafanya kazi vizuri. Wengine wanaanza na kimo kwanza kupunguza halafu wanakatwa. Dawa za kawaida ni mbili, kaboplatini na paklitakseli, nywele zitatoka na zitarudi.

Kama kwa ukoo wa mke wako kuna dada, mama au shangazi aliyekuwa na kansa ya matiti ama ya ovari, mwambieni daktari, kuna jeni za BRCA zinazopita kwa familia, zinapita kwa upande wa baba pia, watu husahau hapo.

Na ukiuliza kwa nini hawakumpima mapema, kwa ovari hakuna kipimo cha kupima wanawake wote wakiwa wazima. Uingereza walijaribu na wanawake zaidi ya 200,000, wakiwapima damu na skani kwa miaka, na majibu ya 2021 yakaonyesha haikuokoa maisha. Kwa hivyo hakuna mtu wa kulaumu nyumbani kwenu, wewe panda gari kesho.

Niko kwa dawa za HIV miaka saba, virusi havionekani, niko sawa. Sista wa CCC, ile kliniki ya HIV, anataka kunipima mlango wa kizazi, nilipimwa miaka minne iliyopita nikawa sawa. Nina 32 na bado nataka mtoto mmoja. Naogopa wakipata kitu watanitoa kizazi. – Nyar Alego, Siaya

Nyar Alego, huyo sista ni rafiki yako. Mwanamke mwenye HIV ako na hatari mara sita zaidi ya kupata kansa ya mlango wa kizazi, kwa sababu mwili unashindwa kuondoa virusi vya HPV vile wengine wanaondoa. Kumeza dawa vizuri kunasaidia sana lakini hakufuti hiyo. Shirika la afya duniani linasema wengine waanze kupimwa wakiwa 30, nyinyi muanze 25, na kama kipimo ni cha HPV kirudiwe kila miaka mitatu mpaka mitano. Kama ulipimwa ile ya kupakwa siki na kuangaliwa kwa macho, hiyo inarudiwa mapema zaidi, na miaka minne ni mingi. Kipimo cha HPV unaweza hata kujichukulia mwenyewe kwa pamba ndani ya choo cha kliniki, hakuna kupandishwa kitanda, uliza kama kwenu kimefika.

Wakipata alama za mwanzo hawakutoi kizazi. Kuna kuchoma kwa kifaa cha moto, dakika chache tu, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kuna kukata kwa waya wa umeme kipande cha mlango peke yake. Zote mbili unabaki na kizazi chako na mtoto bado unaweza kupata. Kutoka dalili za mwanzo mpaka kansa kwa kawaida ni miaka kumi na zaidi, kwa mwenye HIV isiyotibiwa inaweza kuwa nusu ya hiyo, kwa hivyo anayepoteza kizazi ni yule aliyeogopa kupimwa.

Mimi ni mzazi Webuye. Shuleni wanataka kumchanja binti yangu wa miaka 11 sindano ya HPV. Kwa fellowship tuliambiwa inafunga uzazi. Na kwani mtoto wa 11 anafanya nini na ugonjwa wa wakubwa? – Baba

Baba, anachanjwa akiwa 11 hasa kwa sababu hafanyi kitu. Chanjo hii inazuia, haitibu, inataka ifike kabla ya virusi. Karibu kila kansa ya mlango wa kizazi inaletwa na HPV, na aina mbili tu, 16 na 18, zinahusika na karibu asilimia 70. Kufunga uzazi, hapana, imedungwa mamilioni ya wasichana duniani tangu 2006 na hao wa kwanza sasa ni kina mama wenye watoto wao. Uskoti walianza 2008, na walipohesabu juzi juzi, kati ya wasichana waliochanjwa kikamilifu wakiwa 12 na 13 hawakupata hata kansa moja ya mlango wa kizazi.

Kenya ilianza nchi nzima Oktoba 2019. Na usidhani tumeletewa tu majibu ya wazungu, hapa Kisumu, Thika na Nairobi kulifanywa utafiti unaitwa KEN SHE na wasichana 2,275 wa miaka 15 mpaka 20, na ukaonyesha dozi moja tu ilizuia aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 kwa mwaka mmoja na nusu wa kwanza. Ni ushahidi kama huo uliofanya shirika la afya duniani mwaka 2022 likubali dozi moja kwa wasichana. Mwenye HIV anahitaji zaidi ya moja, mwambieni nesi. Serikalini haulipi. Akichanjwa bado atapimwa akifika umri, chanjo haizuii aina zote.

Faibroidi zinageuka kansa? – Wanjiku wa Langalanga

Karibu haitokei, ni chini ya moja kwa elfu. Lakini uvimbe unaokua haraka kwa mwanamke ambaye ameshafunga damu usikae nao ukiuita faibroidi, rudi uangaliwe. Na ukitolewa faibroidi popote, hata hizo zinapelekwa maabara, dai karatasi yako.

Papsmia yangu (kile kipimo cha kukwangua mlango wa kizazi) ni safi, si ina maana sina kansa yoyote huko chini? – Msomaji, Busia

Ina maana mlango wa kizazi ulikuwa sawa siku hiyo. Haikuangalia ovari na haitegemewi kwa kizazi chenyewe. Kansa ya nje, pale kwa midomo ya uke, inaonekana kwa kioo na mwanga wa tochi, kidonda kisichopona ama muwasho wa miezi na miezi ambao umeshapaka kila krimu ya chemist, onyesha daktari akikate kinyama.

NHIF yangu ilikuwa imelipwa, kimo itaendelea? – Mume wa mgonjwa, Molo

NHIF iliisha, tangu Oktoba 2024 ni SHA, jiandikishe wewe na mkeo na mlipe, kama hamna mshahara malipo ni ya mwaka mzima. Kimo na mionzi zinaombewa idhini kabla, kwa hivyo nenda kwa dawati la SHA la hospitali siku kadhaa kabla ya tarehe ya kimo, na uulize hapo hapo mkeo amebakisha kiasi gani mwaka huu, kabla dawa haijachanganywa.